Chui, Mbuzi na Mfupa wa Ishango

Kwetu Kilembwe, mashariki mwa Kongo, hesabu tulizisikia kabla ya kuziandika. Jioni, watu wakishakula bugali na sombe, wanaume walikaa lubunga, baraza lao, na sisi watoto tuliruhusiwa kujibana pembeni mradi tusipige kelele. Mafumbo yalitoka humo. Mengi yalikuwa ya kuchekesha tu, lakini mengine yalikuwa hesabu kabisa, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Nilipenda zaidi lile la mtu aliyefika mto Luama akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani ya muhogo. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha.

Dawa yake ni kumvusha mbuzi kwanza, kisha chui, na akirudi kuyafuata majani arudi na mbuzi. Hapo ndipo watu hukwama, maana nani anarudisha mzigo aliokwisha kuuvusha? Anamshusha mbuzi, anavusha majani, halafu anarudi kumchukua mbuzi. Mto umekatwa mara saba. Lakini babu yangu hakuwa na haraka ya jibu, alipenda ubishi. Mtu akisema, "Si amfunge chui kamba?" babu alimjibu, "Haya mfunge wewe, tukuone." Mwingine akiuliza huyo bwana alimtoa wapi chui, basi usiku huo jibu halipatikani tena, na hakuna aliyejali.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba fumbo hilo, likiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi, limo katika mkusanyiko unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyemtumikia mfalme Charlemagne miaka 1200 iliyopita. Mwanahisabati wa Marekani, Marcia Ascher, aliandika mwaka 1990 juu ya namna linavyosimuliwa Afrika, Waswahili wakiwemo. Kwa Waila wa Zambia mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi ni uleule wa kubeba kimoja. Hesabu haitoki. Anafikiri kumwacha chui au panya, anaona hawezi, wote ni kama watoto wake. Basi anabaki alipo. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora kuliko yote, na wala si la kukwepa: aliyejua kwamba njia hakuna amekwisha kufanya hesabu.

Vita vya 1996 vilitutoa kwetu. Tulivuka Ziwa Tanganyika, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kule vitendawili vilikuwa na masharti: ukishindwa, unaambiwa "Nipe mji," nawe unatoa mji wako mwenyewe. Nilitoa Baraka, nikatoa Fizi, nikatoa Uvira. Kilembwe sikuitoa hata siku moja. Shuleni kambini tulifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na mafumbo yakageuka kuwa x na y ubaoni. Sisemi kwa kulalamika. Ukishaijua aljebra, kazi ya usiku mzima unaimaliza kwa mistari mitatu. Ila ubishi ulikwisha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza mwalimu x alitoka wapi.

Tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, simu zilikuwa zimetutangulia. Nilianza kufundisha hesabu, na nikaona jinsi SMS ilivyoingia katika maisha ya shule: matokeo ya Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanafika kwenye simu, na kabla mtu hajamaliza kusoma asilimia zake amekwisha kumwagiwa poda kichwani kwa shangwe. Kenya walikuwa na Eneza Education, iliyotuma masomo na maswali kwa simu za kawaida. Ulijibu herufi moja, ukaambiwa umepata au umekosa.

Kisha mdogo wangu, aliyepelekwa Marekani kutoka kambini, akanitumia mchezo usio na picha. Ni maneno matupu: unaelezwa ulipo, unaandika unachotaka kufanya, unaelezwa kilichotokea. Nikaambiwa michezo ya namna hiyo imekuwepo tangu 1976, Will Crowther alipotunga ule wa pango. Huu niliotumiwa ni wa Mike Spivey, mwalimu wa hesabu, ulitoka 2017, jina lake A Beauty Cold and Austere, na ndani yake mchezaji anatembea katika historia ya hesabu. Ulinikamata. Ulinifanya nitembee mahali ambapo vitabu vilinipa kanuni tu. Lakini kila nilipoandika jambo ambalo mtungaji hakulitarajia, mashine ilisema haielewi. Yule Mwila asingefika mbali humo.

Kwa hiyo nikatunga wangu, na mashine ni mimi mwenyewe. Wanafunzi wa Kilembwe hawana mega za intaneti za kuchezea, wanapanda kilimani kutafuta rezo, yaani mtandao, ila yuniti za SMS hazikosekani. Ujumbe wa kwanza unasema: "Uko Ishango. Mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Mkononi una mfupa wa kahawia wenye alama za kukatwa. Unafanya nini?"

Nilichagua Ishango kwa sababu iko Kivu Kaskazini, Kongo hiihii yetu, na kwa sababu fumbo lake halina mwenyewe wa kutuambia jibu. Mfupa huo wenye miaka kama 20,000 ulichimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, na sasa uko Brussels. Mwanafunzi akiandika "hesabu", namtumia safu tatu. Ya kwanza: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Akijumlisha atapata 60, 60 na 48. Akitazama vizuri ataona ya kwanza ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na ya tatu inaanza kwa kuzidisha mara mbili: 3 na 6, 4 na 8. Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Namba tasa mimi siziamini sana, maana kuzijua kunataka kwanza mtu awe amezoea kugawanya. Wanafunzi siwaambii.

Wengi hufuata mwezi, maana 60 inawapa miezi miwili. Binti mmoja akaandika: "Ni madeni. Watu wawili walikopa sawa, wa tatu amepunguza 12." Nikamuuliza mbona basi kila safu imekatwa vipande vipande. Akajibu kwamba hakuna anayekopa vyote siku moja. Wenzake wakamvamia: mwenye deni yuko wapi, alikopa nini, samaki au ngozi, na nani alishika mfupa? Yuniti zangu zikaisha wanabishana. Mchezo haukuwa na njia ya madeni. Sasa inayo, na wanaoichagua wanaulizwa kwanza ni nani aliyeshika mfupa, aliyekopa au aliyekopesha.