Maji ya Ndakaini na Ruiru: Juu Vuguvugu, Chini Baridi

Mtu aishiye Thika au Ruiru hana haja ya kusafiri mbali ili aone maji mengi. Mjini Thika penyewe mito miwili, Chania na Thika, huanguka kila mmoja kwa maporomoko yake, kisha hukutana hapo karibu na hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Ruiru nao wana mto wao. Ajabu ni kwamba mito hiyo, ijapokuwa yatoka pande za milima ya Nyandarua na ni majirani, haifiki baharini kwa njia moja: maji ya Thika huingia Tana, na maji ya Ruiru huingia Athi, yakatokea karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Kabla ya kufika bondeni, mito hiyo imezuiwa huko juu kwa ajili ya watu wa Nairobi. Bwawa la Ruiru, lililo upande wa Githunguri, lilimalizwa mwaka 1950. Lile la Ndakaini, ambalo kwa vitabu vya serikali huitwa Bwawa la Thika, lilimalizwa mwaka 1994 katika nchi ya majani ya chai, Gatanga. Tuta lake lina urefu wa zaidi ya meta 60, na likijaa huweka meta za ujazo kama milioni 70. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Kwa hiyo kuogelea humo hakuruhusiwi, na sababu ni wazi: hakuna apendaye kunywa maji aliyoogea mwenzake. Lakini zaidi ya mabwawa hayo makubwa yako madogo mengi ya mashamba ya kahawa, na yako mashimo yaliyochimbwa mawe ya kujengea huko Ruiru na Juja, ambayo mvua huyajaza na hakuna mlinzi. Humo ndimo vijana huingia wakati wa likizo, na humo ndimo wengine hufia.

Watu wengi hudhani kwamba jua likiwa kali, maji nayo yamepata moto na ni salama. Neno hili lataka kuangaliwa vizuri.

Thika iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo jua lake halibadiliki sana kwa mwaka mzima. Kinacholeta baridi ni wingu. Tangu Juni hata Agosti, majira ambayo Wakikuyu huyaita gathano, mawingu mazito hukaa juu ya nchi siku nzima, na pengine jua halionekani hata saa nane. Maji mengi hupoa polepole kuliko udongo, tena huchelewa kupata joto. Basi bwawa laweza kuwa na baridi kali hata baada ya hewa kuanza kuwa nzuri. Na likizo ya Agosti huangukia papo hapo. Tena mtu asisahau habari ya kimo. Kila akwezapo meta 1,000 hewa hupungua joto kwa digrii kama sita. Mji wa Thika uko meta kama 1,500 juu ya bahari, na Ndakaini yapita meta 2,000. Basi aliyezoea mto wa mjini asitazamie maji ya namna ile ile huko juu.

Kiangazi cha Januari na Februari kina udanganyifu wake. Jua hupasha maji ya juu tu. Maji yenye joto ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu, na yale mazito yenye baridi hukaa chini. Pasipo upepo hayachanganyiki. Kijana hutia mguu pembeni akaona vuguvugu, akaridhika. Kisha hujirusha kutoka mwambani, na kwa dakika moja amepita katika maji ya namna nyingine kabisa. Mwili ukipigwa na baridi kwa ghafula, mtu huvuta pumzi pasipo kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji, akivutacho si hewa. Hata mwogeleaji hodari hana uwezo juu ya jambo hilo. Mashindano makubwa ya kuogelea ya dunia hufanywa katika maji ya digrii 25 hata 28. Chini ya hapo pumzi za watu wengi huanza kusumbuka. Maji, isitoshe, huondoa joto la mwili upesi kama mara 25 kuliko hewa, na mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua.

Mvua za njahi, kuanzia Machi hata Mei, na zile za mwere, kuanzia Oktoba, huleta shida nyingine. Udongo mwekundu wa nchi ile huingia mitoni, na maji huwa kama chai ya maziwa. Aliyezama kina cha mkono mmoja tu haonekani. Ukame nao una hila zake. Mwaka 2017 Ndakaini ilipungua sana hata watu wa Nairobi wakagawiwa maji kwa zamu, na kandokando ya bwawa pakabaki tope tupu. Tope la namna hiyo hukauka juu likafanya ganda, na chini yake mguu huzama hata gotini.

Kichocho nacho kisisahauliwe, hasa katika vidimbwi vya nchi ya chini vyenye majani na maji yasiyokwenda. Konokono wake hustawi penye joto kuliko penye baridi, na wadudu wenyewe hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa ile ile ambayo watoto hupenda kuoga.

Mwenye shamba lenye bwawa aweza kufanya jambo dogo lisilo na gharama: afunge kamba ndefu kwenye mtungi wa plastiki mtupu uliofungwa kifuniko barabara, autundike kwenye nguzo karibu na maji, na kuwakataza watu wa nyumbani wasiuchukue kwa kuchotea. Mtungi wa lita 20 huelea na mtu mzima aushikaye. Aonaye mwenzake akizama aurushe mtungi na kuvuta kamba akiwa amelala nchi kavu, asijitupe majini mwenyewe, kwa maana mara nyingi anayezama humkamata mwokozi shingoni wakaenda chini wote wawili. Na nguzo hiyo isimikwe upande ule watu huingilia, si upande wa tuta ambako hakuna afikaye.