Klachi Iliyochoka Njia ya Wundanyi
Sisi watu wa mwambao tumezoea barabara tambarare. Ukishaiacha Mwatate, ndugu msomaji, njia hujipinda na kupanda hadi Wundanyi, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hapo gari letu, lililojaa wazee waendao mazikoni, likawa linanguruma pasi na kwenda. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Dereva alitaka kushurutisha. Tukakataa, tukatia mawe nyuma ya magurudumu.

Fundi wa pale kijijini akavuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akaachia klachi taratibu. Injini haikuzimika. Basi sahani ya klachi imelika, akasema, haishiki tena. Lau pedali ingalizama na gia zikakataa kuingia, angaliangalia kwanza mafuta ya klachi na silinda zake.

Vipuri vikaletwa kutoka Voi, giaboksi ikateremshwa. Alibadilisha sahani, presha na beringi kwa pamoja, nami nilimuunga mkono: kazi kubwa ni kule kufungua. Wazee walikwisha kutangulia kwa matatu, wakayawahi maziko.