Picha za Konza, matofali ya Kibera

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata.

Wengi wenu mmeziona picha za Konza. Tangu Rais Kibaki azindue ujenzi Januari 2013, picha hizo za kompyuta zimezunguka sana: majumba ya vioo, miti iliyopangwa kama askari, watu wachache wanaotembea bila haraka. Hakuna bodaboda wala mama mboga. Sisemi ni uongo, ila kazi yake ni kuuza, na mwekezaji hanunui matope.

Mimi napenda mfano mwingine, wa hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 2012 UN-Habitat, wenye makao yao Gigiri, waliungana na Mojang, watengenezaji wa mchezo wa Minecraft, wakaanzisha mradi wa Block by Block. Moja ya majaribio ya kwanza ilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Mtu asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi anajua vizuri sana njia ipite wapi; mpe matofali ya mchezo atakuonyesha. Kitaalamu ni chombo duni. Kila tofali ni mita moja, kwa hiyo mtaro wa sentimita 40 hauchoreki. Lakini hakuna anayeogopa kubomoa na kujenga tena. Picha ya Konza utaibomolea wapi?

Nami nikajaribu yangu kwa data ya OpenStreetMap. Kibera imo humo tangu vijana wa Map Kibera walipoanza kuichora kwa GPS mwaka wa 2009. Niliandika programu fupi ya Python inayoinua kila jengo kwa idadi ya ghorofa. Majengo mengi hayana idadi hiyo, basi nikaiambia programu ihesabu 1. Vibanda vya kando ya barabara havikutokea kabisa. Havikuwa kwenye data niliyoshusha.

Nilimwonyesha mama mmoja anayeuza sukuma wiki huko. Akazungusha picha kwa kipanya, akauliza:

"Kijana, kwangu ni wapi?"

"Hapa, mama, kando ya barabara."

"Mbona ni patupu? Basi hata tingatinga likija litaona patupu."

Hakuwa anatania. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba nyingi Kibera ili barabara ipite.

Nimeongeza tabaka la vibanda, kila kimoja na bidhaa zake. Sasa napunguza ukubwa wa faili lifunguke kwenye simu yake, maana kompyuta hana.