Nyuzi Zilizolala

Mwaka 2017, katika komini ya Kamalondo hapa Lubumbashi, tulikuwa tukiandika programu ya kivinjari ya kuchora ramani za sampuli za madini. Hesabu nzito tuliziachia nyuzi za pembeni, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba na ukurasa. Tatizo lilikuwa kwamba kila uzi ulipewa nakala yake ya data, na kunakili kulikula muda kuliko hesabu yenyewe.

Mwaka huo huo JavaScript ikapata SharedArrayBuffer, kumbukumbu moja inayosomwa na nyuzi zote. Furaha kubwa! Lakini uzi usio na kazi ungojeje? Wengi wetu tuliandika kitanzi kinachouliza bila kupumua: tayari? tayari? Umeme ulipokatika, na hapa hukatika, feni ya laptopu ilivuma na betri ikaisha upesi.

Dawa ilikuwa Atomics.wait. Uzi hulala iwapo tu nafasi fulani ya kumbukumbu bado ina namba inayotarajiwa. Kuangalia namba na kulala ni tendo moja, hivyo mwenzake hawezi kupenya katikati akatoa mwito wa kuamsha ukapotea bure. Linux ilikuwa na mbinu hiyo, futex, tangu toleo 2.6 la mwaka 2003. Uzi mkuu wa ukurasa, hata hivyo, hauruhusiwi kulala hivyo: ukilala, ukurasa wote unaganda.

Januari 2018 ikaja Spectre, udhaifu wa usalama katika prosesa. Uzi mmoja ukihesabu mfululizo ndani ya kumbukumbu ya pamoja, mwingine hupata saa kali ya kupimia siri za prosesa. Vivinjari vikaifunga SharedArrayBuffer, nasi tukarudi kwenye nakala. Iliniuma, lakini watengenezaji wa vivinjari walifanya sawa. Mwaka huo pia Atomics.wake, amri ya kuamsha uzi uliolala, ikawa Atomics.notify, maana ilichanganywa mno na wait. Nani hajawahi kukosea herufi hizo usiku wa manane?

Firefox 79 iliirudisha SharedArrayBuffer Julai 2020, kwa sharti la vichwa viwili vya HTTP, Cross-Origin-Opener-Policy na Cross-Origin-Embedder-Policy. Baadaye Atomics.waitAsync ikauwezesha hata uzi mkuu kungoja bila kuganda. Iliingia rasmi katika kiwango cha JavaScript, ECMAScript 2024.

Basi ndugu unayeanza leo: andika namba mpya kwanza, ndipo uite notify. Na uzi ukiamka, uangalie namba tena kabla ya kugusa data.