Padri wa Oxford na Vigae vya Songo Mnara

Siku hizi ukisema umezaliwa Songo Songo, unaulizwa habari za gesi. Zamani watu walidhani unatoka Songo Mnara, kwenye magofu. Vyote ni visiwa vya Kilwa, ila sisi tuko kaskazini. Songo Mnara iko kusini ya Kilwa Kisiwani, na upepo ukikataa, unalala njiani.

Magofu yale niliyajua utotoni kwa sababu shangazi yangu aliolewa upande wa Pande. Likizo tukipelekwa kwake, tulivuka na ngalawa za wavuvi. Vigae vilizagaa kila mahali: vya kijani kibichi, vingine vyeupe vyenye maua ya buluu. Sisi tulivifanya sahani za kuchezea upishi, tukapakua mchanga kama wali. Shangazi alikuwa akitukemea: "Acheni vitu vya watu!" Watu wenyewe, tulivyoambiwa, ni Washirazi kutoka Uajemi, waliokuja na majahazi, wakajenga, wakaondoka. Hakuna aliyewaza kwamba huenda tunachezea masahani ya bibi zetu.

Aliyenitia shaka ni padri. Nikiwa Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu, niliangukia toleo la 1959 la jarida la Tanganyika Notes and Records, lenye makala kuhusu Songo Mnara. Mwandishi ni Gervase Mathew, padri wa shirika la Wadominikani. Nilishangaa kidogo: padri na misikiti ya Kilwa wapi na wapi?

Kumbe alikuwa mtu wa mambo mengi. Alizaliwa London mwaka 1905, akaingia utawani 1928, akafundisha Oxford historia ya Bizanti, ule ufalme wa Kikristo wa Konstantinopoli. Alikuwa miongoni mwa marafiki wa waandishi C. S. Lewis na Tolkien waliokutana kusomeana maandishi yao. Kaka yake David, naye padri na mwandishi, alikuwa Askofu Mkuu na mjumbe wa Papa aliyekaa Mombasa hadi 1953. Nadhani undugu huo ulichangia kumleta pwani kwetu, ingawa kilichomtia wazimu hasa ni kaure ya China, kama vile vigae vyetu vya kuchezea.

Na kaure ilimpa kazi. Jengo la mawe ya matumbawe halina tarehe, lakini bakuli la China linayo: mafundi wa kule walibadilisha rangi na nakshi zama hadi zama, na anayezijua anaweza kukadiria karne kwa kushika kipande mkononi. Ile ya kijani kwa kawaida inatangulia, ya buluu na nyeupe inafuata. Songo Mnara kuna hata dari la mviringo lililopachikwa mabakuli ya kaure kwenye chokaa. Mwaka 1955 Mathew alipita pwani hii pamoja na Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia mashuhuri wa Uingereza, wakikagua magofu kwa jicho hilohilo.

Lililonikalia moyoni zaidi ni jambo aliloliweka kwa tahadhari, katika sura yake ndani ya History of East Africa ya 1963: kwamba miji hii huenda ilikuwa ya Kiafrika tangu asili, ikasilimu polepole. Wakati ule wengi walikuwa bado wanaihesabu kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960 kwa kina kuliko padri, akapanga upya tarehe za masultani. Kuanzia 2009 timu ya wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ikachimba Songo Mnara hata viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba, ikitafuta maisha ya kila siku.

Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kufika Ubungo, Dar es Salaam. Mwaka huohuo UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutoka humo hadi 2014. Sisi wa Songo Songo tulishangiliwa; jamaa zetu wa Pande waliambiwa wasikate mikoko inayokinga kuta. Sijui nani alipata zaidi.

Nilimpelekea binamu yangu, anayeongoza watalii, fotokopi ya makala ya padri. Aliisoma yote, halafu akaniambia anatumia ukurasa wa kaure tu, maana wageni wanapenda habari za China. Kuhusu wenyeji waliojenga, anasimulia mwenyewe, na mbele ya shangazi, aliyekuwa akitukemea, anasema "hawa ni babu zetu" bila kupepesa jicho.