Kuvua Trauti Wakati wa Kipupwe

Sisi tukaao chini ya milima ya Nyandarua huulizwa mara nyingi na wageni, "Je, samaki huyu aitwaye trauti ni wa kwenu?" Jibu lake ni kwamba si wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa rangi ya kahawia kutoka Scotland, nayo yakaja kwa meli, yakatiwa katika mto Gura. Yule mwenzake aitwaye trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Marekani ya magharibi, aliletwa baadaye. Hivi ndivyo tulivyokuwa tukiwafundisha watoto shuleni, nao wakinakili kutoka ubaoni.

Siku moja babu yetu, aliye na miaka 90, alimsikia mtoto wetu akisoma daftari lake kwa sauti. Akatuita, akauliza, "Mayai yalikuja kwa meli?"

"Ndiyo, babu."

"Na meli ikapanda mlimani?"

Tukanyamaza. Akasema, "Waandikie watoto kwamba walikuwako watu waliobeba." Kisha akarudi kuota moto. Twakiri kwamba katika miaka yote ya kufundisha somo lile, swali hilo halikutupitia moyoni.

Lakini babu alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa yeye mwenyewe alipata kubeba. Mwaka 1947, akiwa na miaka 12 hivi, alikuwa mchukuzi wa bwana mmoja mlowezi aliyependa kuvua. Kila Jumamosi alimfuata mtoni na kikapu cha samaki, wavu wa mkono na chupa ya chai. Ufito wa kuvulia aliubeba pia, ila ukiwa ndani ya mfuko wake. Kuushika ukiwa umeunganishwa alikatazwa. Nyakati zile mtu hakuweza kuvua trauti bila kibali, na vibali havikuwa vya watoto wa wachukuzi.

Basi siku moja alimkuta nzi wa bandia amenasa katika tawi, akamficha kofiani. Juma lililofuata akamfunga kwenye uzi na kijiti, akamtupa majini mahali palipo na povu chini ya jiwe, akapata trauti wa urefu wa mkono wake, kutoka kiwiko hata vidoleni. Hakufika naye mbali. Mlinzi wa mto alimwona. Alichapwa viboko sita, na baba yake akatozwa mbuzi.

Yafaa wasomaji wa pwani na wa maziwani wajue jambo moja hapa. Watu wetu wa zamani hawakula samaki kabisa. Walimhesabu kuwa ndugu wa nyoka. "Baba alilipa mbuzi dume kwa ajili ya nyoka," babu husema, naye hucheka mpaka machozi yamtoke. "Hakusema nami mpaka mvua ziliponyesha." Tukimwuliza alimtakia nini samaki asiyeliwa, hujibu kwamba alitaka kujua kama nzi yule ni kweli. Hadithi hiyo tuliisikia tangu utoto, na tulipokuwa chuoni cha ualimu tulianza kuiona kuwa imetiwa chumvi.

Sasa juu ya kijiji chetu liko bwawa, lililozuiwa ili tupate maji ya mashamba, na ndani yake wametiwa trauti. Hununuliwa wakiwa wadogo kama kidole kutoka kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa sababu bwawani hawazaani. Trauti jike hutaga mayai katika changarawe ya maji yapitayo upesi, naye hufukua shimo kwa mkia wake, akayafukia. Bwawa lina matope tu. Angeweza kupanda kijito kiliingiacho, lakini tangu msitu wa juu ulipokatwa kijito kile kimekonda. Sisi tulipokuwa watoto tulikivuka kwa kukanyaga mawe matatu. Wanafunzi wetu leo hukiruka bila kukanyaga kitu.

Wakati mwema wa kuvua hapa kwetu ni kipupwe, miezi ya Julai na Agosti. Huko Ulaya wavuvi husifu majira yale majani yaangukapo, joto la kiangazi likiisha majini; sisi hatuna majira hayo, lakini twafahamu sababu yake, nayo ni ile ile. Trauti hataki maji ya joto. Yakizidi nyuzi 20 huanza kutaabika, kwa maana maji ya joto hayashiki hewa nyingi ya kupumua. Wakati wa kipupwe ukungu hulala juu ya bwawa tangu alfajiri hata saa tano, jua halipati nafasi, na samaki husogea karibu na ukingo kutafuta wadudu. Tena ni likizo ya shule. Mwalimu asiye na likizo hawezi kuvua kwa nzi, kwa maana kazi hii hula siku nzima, na mara nyingi hairudishi kitu.

Rafiki mmoja alituazima ufito wake mwaka jana. Tulidhani tutajifunza kwa juma moja. Mvuvi wa pwani hufunga risasi karibu na ndoano, akairusha, na uzito wa risasi huuvuta mshipi. Hapa ni kinyume. Nzi ni ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya, haina uzito wowote. Basi mshipi wenyewe umetengenezwa uwe mzito, nao ndio urushwao, nzi akifuata nyuma kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Sharti mshipi urushwe kwanza nyuma, ungojewe mpaka unyooke wote, ndipo upelekwe mbele. Sisi hatukungoja. Tulimnasa nzi katika kichaka, katika koti letu, na mara moja katika sikio letu la kushoto, na watoto waliokuwa wakichota maji wakapata cha kuhadithia nyumbani.

Babu alipopata habari ya sikio, akasema, "Nipeleke."

Kabla ya siku hiyo tulikwenda kulipa, tukakata vibali viwili vya siku moja. Agosti hiyo tulimpandisha juu ya punda wa jirani, tukamkalisha ukingoni juu ya kigoda, blanketi mabegani. Macho yake hayaoni mbali. Lakini mara alituuliza upepo unatoka wapi, nasi tulipomjibu akatuamuru tuhame, twende upande ule upepo unakosukuma mawimbi, "kwa kuwa upepo ndio unaowapakulia chakula." Kisha akasikiliza. Kila mara mshipi ulipopita angani alitikisa kichwa.

"Mapema mno. Unachapa kama mchunga ng'ombe. Usiutazame, usikie."

Tulisikiliza, na kweli, mshipi ukinyooka nyuma huacha kuvuma. Katika muda wa saa moja tuliweza kumtupa nzi hatua kumi na tano bila aibu. Mtu huyu hakupata kuurusha mshipi hata mara moja maishani mwake. Yote aliyotufundisha aliyaona akiwa amesimama nyuma ya mtu mwingine na kikapu mkononi.

Akauliza ni nzi gani. Tukampa kisanduku, akawapapasa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, akamtoa mwenye mwili wa manyoya ya tausi na mabawa meupe. "Kochimani," akasema. Ndiye Coachman wa Waingereza. "Alikuwa huyu."

Tukamfunga, tukamnyoshea ufito. Hakuupokea.

"Una barua?" akauliza.

Tukatoa kibali chake mfukoni. Akakishika kwa mikono miwili, akatuambia tukisome. Tukasoma chote, tarehe na aina ya samaki na kiasi kilicholipwa. Akasema, "Soma jina." Tukasoma jina lake. Akasema, "Tena." Tukasoma tena. Ndipo akakikunja mara nne, akakiweka kofiani, akanyosha mkono.

Hakurusha mbali, mikono yake haina nguvu. Hatua sita, saba. Lakini mshipi ulilala juu ya maji bila sauti, naye akaanza kuuvuta kwa vidole polepole, kidogo kidogo, kama mtu afumuaye uzi wa nguo. Hatujui alirusha mara ngapi, baridi ilikuwa imetukaza taya. Kwa ghafula ufito ukapinda. Maji yakapasuka, tukaona ubavu wenye mstari mwekundu, mnyama mkubwa kuliko wote tuliopata kuwaona katika bwawa lile. Tukapiga kelele, "Babu, vuta!" Yeye hakuvuta. Aliinua ufito juu, akamwachia samaki mshipi akimbie nao, akatabasamu meno yote aliyobakiza, manne.

Kisha ufito ukanyooka.

Tuliukunja mshipi kwa huzuni. Babu akaitafuta ncha yake, akaipapasa. Haikuwa imekatika, ilijikunja kama mkia wa nguruwe, dalili ya fundo lililoteleza. Na fundo lilikuwa letu.

"Mwalimu," akasema, jina asilotuita kamwe nyumbani, "karatasi hii inakwisha lini?"

"Leo jioni, babu."

Akageuza uso kuelekea mahali ukungu ulipokuwa mweupe zaidi, akapima jua.

"Basi funga mwingine. Na safari hii, lilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza."