Cheche: Jina Letu, Lugha Yao

Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, walitoa jarida wakaliita Cheche. Walikuwa wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, na Karim Hirji alikuwa mmoja wa wahariri. Waliandika, wakapiga chapa kwenye stensili, wakadurufu, wakauza kwa mkono. Mwaka 1970 toleo zima lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji, na swali lake bado linachoma: mali ikishataifishwa, nani anaiendesha, na kwa faida ya nani?

Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku, na USARF pia. Ikaelezwa kwamba jina hilo limeazimwa kwa Iskra, gazeti la Lenin, wakati Tanzania ina ujamaa wake yenyewe.

Kila nikisoma kumbukumbu za Hirji na wenzake, zilizotoka kitabuni mwaka 2010, nakwama hapo. Yaani neno "cheche", ambalo mtoto yeyote wa Kikatiti aliyewahi kuchochea kuni analijua, ndilo lililoonekana la kigeni. Kiingereza kilichojaa ndani hakikumshtua mtu.

Nakiri Kiingereza kilikuwa na kazi yake. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Mlimani, aliandika humo, na hoja zikavuka mipaka. Lakini swali la nani anamiliki halikuletwa kwetu na wasomi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa.

Siku moja nilimweleza mama mdogo, anayeuza ndizi pale sokoni Kikatiti, hoja ya Shivji kwa Kiswahili cha kawaida. Ilichukua dakika tano. Akaniuliza, "Kumbe waliyaandika hayo? Babu yako alijua kusoma, mwanangu. Mbona hawakutuletea?"

Sikuwa na jibu la kumpa, ila mfano upo. Mwaka uleule wa 1969, Ebrahim Hussein, aliyesoma chuo hichohicho, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile kwa Kiswahili. Ikaingia sekondari, ikasomwa na watoto wa wakulima. Cheche ilipozimwa, vijana walirudi na jarida jingine, Maji Maji, jina la vita vilevile anavyovisimulia Hussein. Kwa mara nyingine, jina la kwetu. Kurasa nyingi, za Kiingereza.

Sasa kuna vijana hapa Kikatiti wanataka kuanzisha jarida la mashairi na hadithi. Wameniuliza, kaka, tuandike kwa lugha gani ili tufike mbali? Nimewaambia waanze kwa Kiswahili. Wa mbali wakilitaka, watatafuta mkalimani. Na nakala za kwanza zisipelekwe Arusha mjini. Zianzie sokoni, kwenye meza za ndizi, kwa watu ambao mambo yao ndiyo yameandikwa humo. Wakilipinga, hapo tutajua limewaka.